Chuo hakina maiti ya kujifunzia: nifundisheje anatomia?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu katika chuo kimoja cha afya huku Nyanda za Juu Kusini. Nafundisha anatomia na fiziolojia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Stashahada ya Utabibu, hawa ambao wakimaliza miaka 3 wanapangiwa zahanati na vituo vya afya, na wengi wao hukuta wao ndio wakubwa wa kituo.

Chuo chetu hakina chumba cha kupasulia maiti. Tuna kiunzi kimoja cha plastiki ambacho vidole vya mkono wa kushoto vimeshapotea, tuna mabango ya ukutani, na tuna kiwiliwili cha kuigiza chenye ini, moyo na utumbo wa kutoa na kurudisha. Basi naandika ubaoni, naonyesha picha kwa projekta, wanafunzi wanakariri. Na kufaulu wanafaulu. Mwulize yeyote neva 12 za fuvu, atakutajia bila kupumua.

Hivi karibuni alinipigia simu kijana niliyemfundisha, sasa yuko zahanati na muuguzi mmoja tu. Aliletewa mtoto wa miaka 3 anayeburuza mguu wa kulia. Mama alieleza kwamba mtoto alikuwa na homa, akachomwa sindano ya takoni kwenye duka la dawa, na tangu hapo wayo unaning'inia. Kijana akaniuliza: "Mwalimu, hii ni ile neva ya siatiki? Na nitajuaje kama siyo polio?" Huyu alipata A katika somo langu. Nilimwambia ampe rufaa, akampa. Lakini lile swali lake la pili bado linanizunguka kichwani, kwa sababu nilimfundisha neva hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi, sikumfundisha afanye nini nayo.

Juu ya hayo, mkuu wetu wa chuo anataka vipindi vya anatomia vipunguzwe, kwa hoja kwamba siku hizi kuna ultrasaundi na CT scan. Akikataliwa hilo, anataka tununue meza ya kidijitali inayoonyesha mwili kwenye skrini. Mwalimu mwenzangu yeye anasema bila maiti tunawadanganya watoto wa watu, heri tufunge somo. Nipo katikati yao. Nifanyeje?

Mwalimu, Nyanda za Juu Kusini

JIBU

Marahaba, mwalimu wangu. Nianze na mtoto, maana yeye hawezi kusubiri tumalize mambo ya mitaala.

Kijana wako aliuliza swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye raundi za hospitali kubwa, na jibu lake limo ndani ya anatomia. Neva ya siatiki, ile kubwa inayopita takoni kushuka mguuni, imebeba nyuzi za aina mbili: zinazoendesha misuli, na zinazoleta hisia kutoka kwenye ngozi. Sindano ikiichoma, au dawa kali ikimwagika kando yake, aina zote mbili zinaumia. Virusi vya polio havifanyi hivyo. Vinashambulia seli zinazoendesha misuli, zile zilizo pembe ya mbele ya uti wa mgongo, na njia ya hisia vinaiacha. Kwa hiyo mtoto wa polio mguu umelegea lakini ukimgusa anahisi. Mtoto wa sindano mguu umelegea na sehemu ya juu ya wayo imekufa ganzi. Mtoto wa miaka 3 hatakwambia kitu, lakini ukimgusa taratibu kwa ncha ya kijiti kuanzia pajani ukishuka chini, uso wake utakuonyesha mpaka uko wapi.

Kisha aangalie kile ambacho bado kinafanya kazi. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unaendeshwa na neva nyingine kabisa, ya femorali, inayopita kinenani. Siatiki ikiumia peke yake, mtoto bado ananyoosha goti, na ukimgonga chini ya pia ya goti mguu unaruka. Ukigonga kano ya kisigino, hakuna kitu. Ngozi ya upande wa ndani wa mguu, kutoka gotini hadi kwenye kifundo, nayo inahisi, kwa sababu inahudumiwa na tawi la hiyo hiyo femorali. Ukikuta mguu uko hivyo, na mama akasema mtoto alipiga ukelele sindano ilipoingia na akaanza kuchechemea siku ile ile, basi fikiria sindano kwanza. Polio huja na homa na maumivu ya misuli, udhaifu huongezeka kwa siku kadhaa, na misuli inayolegea haifuati mipaka ya neva moja.

Dakika 5 za kumgusa mtoto na kumgonga goti, bila mashine yoyote. Huo ndio utambuzi wa ugonjwa unaotokana na anatomia, na ndio unaowezekana zahanati.

Ila hapa mwambie jambo ambalo asiliamue kwa hukumu yake mwenyewe: mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 ambaye kiungo kimelegea ghafla anaripotiwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mara moja, hata kama ana hakika ni sindano. Zinachukuliwa sampuli 2 za choo zinazopishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Sababu ni mbili. Kwanza, mtoto ambaye tayari ana virusi vya polio mwilini akichomwa sindano ya msuli, mguu uliochomwa ndio una hatari zaidi ya kupooza, kwa hiyo hadithi ya sindano haiifuti polio. Pili, nyinyi mnapakana na Malawi, na mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio ya virusi vya asili, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Afrika kutangazwa kuwa huru na virusi hivyo. Huko kwenu si mahali pa kubahatisha.

Kama ni sindano kweli, mtoto huyo asiachwe hivi hivi na maneno ya "itarudi yenyewe". Nyingi hurudi kwa sehemu, lakini neva ikiota upya huenda takribani milimita 1 kwa siku, na kutoka takoni hadi kwenye wayo wa mtoto hiyo ni miezi mingi. Katika miezi hiyo kano ya kisigino hujikunja na wayo hukakamaa ukielekea chini, na ikifika hapo hata neva ikipona mtoto hatembei vizuri. Kwa hiyo: kifaa cha kushikilia wayo ukae pembe mraba na mguu, hasa usiku, mama afundishwe kuunyoosha kila siku, afike kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na miezi ikipita bila dalili ya kurudi, amwone daktari bingwa wa mifupa na neva. Aangaliwe pia vidonda kwenye wayo uliokufa ganzi, maana hatasikia mwiba.

Sasa tuje chuoni.

Mwalimu mwenzako amekosea kuhusu ugonjwa wa somo lenu. Kukosa maiti ni upungufu, sikatai. Nimefundisha nikiwa na maiti na najua mkono unajifunza nini pale. Lakini nimeona pia wanafunzi wa udaktari waliopasua mwili mzima kutoka ngozi hadi mfupa, na walipofika wodini hawakujua mkono uanzie wapi tumboni. Tatizo linalofanana kwenu na kwao ni kwamba anatomia inafundishwa kama orodha: chanzo, njia, matawi, mwisho. Mgonjwa haji na orodha. Anakuja na mahali panapouma au kitu kisichofanya kazi. Kazi ya tabibu ni kuanzia hapo kurudi nyuma, kujiuliza chini ya kidole changu kuna nini, kinahudumiwa na neva gani, na neva hiyo inahudumia nini kingine. Ukifundisha kwa njia hiyo tangu wiki ya kwanza, hata kiunzi chako chenye vidole pungufu kitatosha kuanzia.

Nitakupa mfano wa bandama, kwa sababu ni kiungo ambacho matabibu wako watakigusa kila wiki: malaria ya kujirudia, selimundu, kichocho cha tumbo kwa wale watakaopelekwa Kanda ya Ziwa. Vitabu vinasema bandama iko kushoto, chini ya mbavu ya 9, 10 na 11. Mwanafunzi anakariri, anaandika, anapata alama. Akifika kwa mtoto mwenye tumbo kubwa anaweka mkono chini ya mbavu za kushoto, anabonyeza, anakuta pagumu kote, anaandika "bandama haishikiki". Kumbe mkono wake uko juu ya bandama yenyewe, na ukingo wake ameuacha nyuma kwa kiganja kizima. Bandama ya kawaida haishikiki kabisa. Inapovimba inateremka kwa mshazari, kutoka mbavu za kushoto kuelekea nyonga ya kulia, na inashuka kila mtu avutapo pumzi kwa sababu kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinaisukuma. Ndiyo maana mkono unaanzia chini kulia, karibu na nyonga, unapanda taratibu kuelekea kushoto, ukisubiri ukingo uje kukutana na vidole wakati mgonjwa anavuta hewa. Mwanafunzi akielewa kiwambo, mwelekeo na ukingo, hahitaji kukumbushwa aanzie wapi.

Mwili wa kufundishia mnao tayari: ni wao wenyewe. Nunua penseli za wanja, zile za dukani za kupaka macho. Zinaandika vizuri kwenye ngozi na zinafutika kwa mafuta. Kila kipindi, mwanafunzi amchore mwenzake. Mkono, shingo, uso, goti na mguu havimwaibishi mtu, na vinatosha kwa sehemu kubwa ya somo. Vifua na matumbo, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, nyuma ya pazia, na asiyetaka asilazimishwe wala asiulizwe sababu. Hilo nalo ni somo: wanajifunza kuomba ruhusa kabla ya kugusa.

Kwenye penseli hiyo hiyo mnajifunza mahali pa sindano. Kosa la kawaida ni kugawa kwa macho ile nyama ya tako inayoonekana, kisha kuchoma robo ya juu, upande wa nje wa hiyo nyama, jambo linaloishusha sindano karibu na siatiki kuliko mchomaji anavyodhani. Tako la anatomia linaanzia juu, kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga unaoshikika kiunoni. Waagize wautafute ukingo huo kwa vidole, wachore, ndipo wagawe. Kisha wachore njia ya siatiki yenyewe: inapita katikati ya mfupa wa kukalia na fundo la fupa la paja linaloshikika ubavuni mwa nyonga. Baada ya hapo wafundishe mahali palipo salama zaidi, ubavuni mwa nyonga: kiganja juu ya hilo fundo, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kidole cha kati kikifunguka kuelekea ukingoni, sindano iingie katikati ya vidole viwili. Kwa watoto wachanga, ni nje ya paja. Mwanafunzi aliyechora siatiki kwenye paja la rafiki yake hatachoma mtoto kwa kubahatisha.

Usisahau ukoma. Wanaochipukia mikononi mwako ndio kesho watakaokuwa wasaidizi wa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya, na ukoma ni ugonjwa unaotambuliwa kwa vidole. Bakteria wake hupendelea neva zilizo karibu na ngozi, mahali penye ubaridi kidogo, na hizo ndizo zinazoshikika: ile ya nyuma ya kiwiko upande wa ndani, ambayo kila mtu aliyewahi kugonga kiwiko anaifahamu, ile inayozunguka shingo ya mfupa wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, ile inayopanda shingoni kuelekea sikio. Kila mwanafunzi azitafute kwake pande zote mbili hadi ajue neva ya kawaida ina unene gani. Bila hivyo, siku atakapokutana na neva iliyonenepa hatakuwa na cha kulinganishia. Na ile ya chini ya goti ina faida nyingine: ikibanwa na plasta ya mguu iliyofungwa vibaya, wayo unaning'inia, safari hii bila sindano yoyote.

Mengine nayapitia haraka. Maumivu ya kidole tumbo huanza kitovuni kwa sababu hisia za kiungo hicho zinaingia uti wa mgongo pamoja na za ngozi ya kitovu, usawa wa neva ya kumi ya kifua (T10). Uvimbe ukishagusa utando wa ukuta wa tumbo, maumivu yanahamia chini kulia, kwenye ile theluthi ya njia kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi kitovuni, aliyoieleza daktari mpasuaji Charles McBurney mwaka 1889. Lakini kidole tumbo kinaning'inia kila upande. Kikiingia ndani ya nyonga kinawasha kibofu, mgonjwa anakojoa kila mara, anaambiwa ana UTI, anapewa vidonge na kurudishwa nyumbani, na siku ya tatu kimepasuka. Hili linaniuma kila ninapolikuta, kwa sababu neno UTI linaandikwa kwenye vituo vyetu kirahisi mno.

Mwanamke kijana aliyekosa hedhi, tumbo linauma, na akilala chali analalamika bega. Bega halina ugonjwa. Damu ya mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka imefika chini ya kiwambo, na kiwambo kinahudumiwa na neva inayotoka shingoni, C3 hadi C5, kwa sababu wakati kijusi kinaumbwa kiwambo kilianzia huko juu kikashuka na neva yake. Ubongo unapokea ujumbe kupitia mlango ule ule wa ngozi ya bega. Mfundishe mwanafunzi kisa hiki kimoja vizuri na atakuwa amejifunza neva, kiwambo, uumbaji wa kijusi, na sababu ya kutafuta gari usiku huo huo.

Hoja ya mkuu wako kuhusu ultrasaundi inajijibu hapa. Mashine haimwambii mtu aiweke wapi. Mgonjwa huyo akilazwa chali, damu hujikusanya kati ya ini na figo ya kulia, kwenye mfuko unaoitwa wa Morison, na mwenye mashine asiyejua mfuko huo atapita pembeni yake akiangalia kizazi tu. Ultrasaundi inaongeza haja ya anatomia, haiipunguzi. CT scan iko mbali na zahanati kwa saa nyingi za barabara, na anayempeleka mgonjwa huko ni mtu aliyeshuku kitu kwa mikono yake kwanza. Mwambie mkuu kwa heshima, na umwambie kwa mifano hii, siyo kwa nadharia.

Meza ya kidijitali siipingi, ina picha nzuri. Lakini ingekuwa fedha ni zangu ningenunua kwanza mifupa kamili, tena seti kadhaa, ili kila kikundi kishike fupa lake, kisha kifaa kidogo cha ultrasaundi kinachounganishwa na simu. Kwa kifaa hicho wanafunzi wataona ini la mwenzao likishuka na pumzi, na watagundua kwamba hakuna watu wawili wanaofanana ndani. Skrini inaonyesha mwili ule ule kila siku, na umeme ukikatika hauonyeshi chochote.

Halafu nenda machinjioni. Ongea na afisa mifugo anayekagua nyama, akuwekee mapafu ya mbuzi yakiwa na koo lake zima, moyo usiopasuliwa, figo, na kichwa. Nasema mbuzi kwa sababu hakuna mwanafunzi atakayekosa kumgusa kwa ajili ya dini yake. Moyo una vyumba 4 kama wetu. Wamimine maji kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni waone vali zinavyojifunga. Figo waikate kwa urefu. Yote haya yanagharimu kidogo kuliko chakula cha mchana cha kikao kimoja.

Na hapa ndipo pananipa raha kuliko kwingine kote. Usiwaambie mbuzi anatofautiana wapi na mtu, waache watafute. Kwenye mapafu watakuta tawi la hewa la sehemu ya juu ya pafu la kulia linachipuka kwenye koo lenyewe, kabla koo halijagawanyika. Kwa mtu wa kawaida haliko hivyo. Koo linagawanyika kwanza, na tawi la kulia ni pana, fupi na limesimama wima zaidi kuliko la kushoto, ndiyo sababu punje ya karanga aliyoivuta mtoto mara nyingi huishia kulia. Chini ya ubongo wa mbuzi, ukitoa kichwa kwa uangalifu, kuna wavu wa mishipa midogo ya damu. Mtu hana wavu huo. Galen, tabibu mkubwa wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, aliuona kwa wanyama akaandika kwamba binadamu anao, na matabibu waliufundisha kwa zaidi ya miaka 1,000. Alisema pia taya la chini ni mifupa miwili. Abd al-Latif wa Baghdad, aliyekuwa Misri wakati wa njaa kuu ya mwanzoni mwa karne ya 13, alikagua mafuvu mengi mno ya waliokufa, akakuta fupa moja kila mara, na akaandika kwamba macho yake ni shahidi bora kuliko maneno ya Galen. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, akakataa kwamba damu inavuka ukuta wa moyo kwa vitundu, akasema inazunguka kupitia mapafu. Ilipofika 1543, Andreas Vesalius akachapisha kitabu chake kikubwa kilichosahihisha makosa mengi ya namna hiyo kwa kupasua maiti za watu mwenyewe.

Wanafunzi wako wakilinganisha mbuzi na bango la ukutani, wanafanya kazi ile ile. Mwanafunzi anayejua kuuliza "je, hiki ninachokiona ndicho kilichoandikwa?" atakuwa tabibu wa kutegemewa.

Kuhusu maiti: msikate tamaa nayo. Andikieni rasmi vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari. Kimoja kiko Mbeya, hapo kwenu, na vingine ni Muhimbili, Moshi na Mwanza. Ombeni siku chache za wanafunzi wenu kutembelea, mwishoni mwa somo na siyo mwanzoni, ili waende na maswali mkononi: tuonyeshwe siatiki inapotoka nyongani, tuonyeshwe bandama na kiwambo, tuonyeshwe neva ya chini ya goti. Wakienda bila maswali wataishia kuziba pua kwa sababu ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, na kupiga soga. Na kabla hawajaingia, wakalishe chini. Maiti nyingi zinazofundishia katika nchi zetu ni za watu ambao hawakupata ndugu wa kuwachukua. Hakuna simu, hakuna picha, hakuna utani. Waingie kama wanaoingia msibani, na mwanafunzi ambaye imani yake au moyo wake unamzuia aruhusiwe kubaki nje bila kudharauliwa.

Omba pia hospitali ya wilaya ikupokelee wanafunzi wawili wawili chumba cha upasuaji. Ngozi, mafuta, ala ya misuli na utando wa tumbo vinaonekana vizuri kwa mgonjwa aliye hai kuliko popote.

Kilichobaki ni mtihani, na wanafunzi husoma kile kinachoulizwa. Mtihani wa taifa hauko mikononi mwako, lakini majaribio ya darasani ni yako. Acha "Taja matawi ya neva ya siatiki". Uliza hivi: "Mtoto wa miaka 3 analetwa zahanati akiburuza mguu wa kulia siku 2 baada ya kuchomwa sindano takoni. Utamgusa wapi, utamgonga wapi, unategemea kukuta nini kama ni sindano na nini kama ni polio, na utampigia simu nani kabla ya jua kuzama?" Alama nusu zitolewe kwa karatasi. Nusu nyingine mwanafunzi akuonyeshe kwa mwenzake aliyelala kwenye benchi, wewe umesimama kando unatazama vidole vyake vinaenda wapi.